Nitwike

Jovitha aliisikia nyumba yake yote hata akiwa bafuni. Asubuhi ile ya Jumamosi, povu la sabuni likiwa usoni, alisikia kitu kizito kikiburuzwa kutoka jikoni kwenda barazani, na kwa namna kilivyokwaruza saruji akakijua.

"Noela! Kinu changu kinakwenda wapi?"

Sauti ya bintiye ilijibu, laini kupita kiasi: "Kinakuja kwenye sanaa, mama."

"Kinu hakijui sanaa. Kirudishe."

Hakikurudi. Alipotoka, kanga kifuani na mswaki mkononi, alikuta baraza limegeuka mnada: ndoo, beseni la kufulia, sufuria kubwa ya sikukuu, jiko la mkaa, dumu la njano, ungo, kigoda, na kinu chenyewe kimelala ubavu kama ng'ombe aliyeshiba. Nje ya geti lilisimama guta la magurudumu matatu, na kijana mrefu mwembamba mwenye kofia ya sufu alikuwa anakunjua kamba. Huyo ni Venant, kiongozi wa kikundi cha sanaa alichojiunga nacho Noela baada ya kumaliza chuo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemwambia mwanangu akasimame juani na jiko kichwani?"

"Wazo ni lake, mama. Mimi nimeleta guta tu."

"Umejibu vizuri. Funga kamba vizuri basi. Kinu hicho nilipewa na mama yangu, kimetoka Muleba kwa meli."

Jovitha alikuwa mtaalamu wa fiziotherapia, mwenye stashahada yake na koti lake jeupe, na kazi yake ilikuwa kuwafundisha watu waliovunjika kutembea tena. Aliifanya bila kubembeleza. Wagonjwa walimwita Mama Inuka, kwa sababu ndilo neno la kwanza walilolisikia kutoka kwake, kabla hata ya pole. Mtu wa namna hiyo ukimwambia kwamba unataka kuutesa mwili mzima, usio na ugonjwa wowote, kwa hiari yako, mbele ya watu, haoni sanaa. Anaona mgonjwa wa wiki ijayo.

Noela alikuwa amemweleza Jumapili iliyopita, walipotoka kanisani. Hakuna jukwaa, alisema, hakuna ngoma wala hadithi. Kuna mwili wa msanii, kuna vitu vya nyumbani, na kuna watu wanaopita. Angesimama kwenye mkeka karibu na gati la kivuko, bila kusema, bila kusogea, na watu wangemtwika chochote wanachotaka mpaka honi ya kivuko cha jioni.

"Nataka waone mwanamke anabeba nini, mama."

"Wanajua. Wamezaliwa na nani?"

"Wanajua, lakini hawaoni. Kuna wasanii nchi za mbali wamekaa hivyo mbele ya watu wakaachiwa vitu, na watu wakawafanyia mambo mabaya. Mwalimu alituonyesha. Mtu akiruhusiwa, anamwongezea mwenzake mzigo mpaka aanguke."

"Na wewe unataka uanguke."

"Nataka nisianguke."

Hapo ndipo walipowekeana sharti. Gosbert, kaka yake Jovitha, alikuwa na nyumba ya wageni kule Buzuruga, karibu na stendi, na alimtaka Noela akae mapokezi. Cheti cha kazi hiyo alikuwa nacho. Kikundi cha Venant nacho kilikuwa kinaondoka wiki iliyofuata kwenda kuzunguka miji ya ziwani, Bukoba na Musoma. Noela angesimama mpaka honi bila kusema neno na bila kutoka kwenye mkeka, angekwenda na kikundi. Angeshindwa, Jumatatu yuko kaunta kwa mjomba wake, na neno sanaa lisisikike nyumbani Buswelu mpaka Krismasi.

Walishikana mikono. Jovitha alijua ameshashinda. Alimzaa mwenyewe huyo mtoto. Alikuwa anaongea hata usingizini, na kanisani hajawahi kusimama Injili yote bila kuegemea benchi.

Lakini hakukubali kusimuliwa. Mtu haweki sharti na mtoto wake halafu akamwachia Venant awe refa. Alivaa viatu vya kazini, akachukua kiti cha plastiki, mwavuli na chupa ya maji, akapanda mbele kwenye guta.

*

Mahali pao palikuwa kiwanja cha wazi upande wa Mirongo, kati ya gati na wauza dagaa. Venant alitandika mkeka, akapanga vitu kando, akaegemeza kwenye jiwe kipande cha boksi kilichoandikwa kwa herufi kubwa: NITWIKE. Noela, mwenye gauni jeusi lisilo na urembo, alivua ndala, akapanda mkekani. Kichwani aliweka ngata aliyoisokota kwa kanga. Akanyoosha mikono ubavuni, akatazama ziwa.

Watu wakajaa. Na hakuna aliyemtwika.

Walisimama, wakasoma, wakamwangalia Noela, wakaangalia vitu, wakaangaliana. Mama mmoja mwenye kapu la nyanya alisogea mpaka ukingo wa mkeka.

"Dada, unakwenda wapi nikutwike?"

Noela alitazama ziwa.

"Nakuuliza unakoelekea, mama yangu. Ni mbali?"

Kimya.

"Hasemi anakokwenda," mama yule akawaambia wenzake. "Mtu asiyesema anakokwenda utamtwikaje?"

Wakakubali wote. Venant, aliyekuwa akipiga picha za video kwa simu, hakuwa amelifikiria hilo, na Jovitha pale kitini alicheka kimoyomoyo. Bila shaka! Kumtwika mtu si kumwekea kitu kichwani kama unavyoweka sahani kabatini. Unamuuliza safari, unapima mzigo kwa umbali, unamtazama shingo, unainua naye, unamwambia nenda salama. Huwezi kumtwika mtu aliyesimama kama nguzo ya umeme. Anakwenda wapi na mzigo wako?

Jua likapanda. Mwishowe waliokuja kuvunja uzito walikuwa vijana wa bodaboda, ambao kwao kila kitu ni utani. Wa kwanza alimwekea Noela ungo kichwani, akampigia saluti. Wa pili akaweka sufuria juu ya ungo. Watu wakacheka, na kicheko kikafungua mlango. Sufuria na ungo vikashushwa, likapanda beseni, ndani ya beseni dumu, dumu likajazwa maji nusu.

"Ongeza jiko!" mmoja akapaza sauti. "Dada anapika akitembea!"

"Jiko litamchafua."

"Anaenda harusini? Ongeza!"

Jiko likaingia kwenye beseni kando ya dumu. Mzigo ukakaa upande. Noela aliyumba kidogo, akajirudisha, na mshipa wa shingo ukamtoka.

Jovitha akakaa ukingoni mwa kiti. Kicheko chake cha kimoyomoyo kilikuwa kimekwisha. Waswahili wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini hawakumtaja mama wa mwenye mzigo. Yeye aliuona uzito ule pingili kwa pingili. "Usikaze magoti," alinong'ona, mnong'ono wake ambao wodi nzima huusikia. "Kidevu ndani. Shusha mabega." Noela hakuonyesha kama amesikia, ila magoti yalilegea kidogo.

Ndipo akafika Mzee Luhende. Huyu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mwenye suruali iliyopigwa pasi na kalamu mbili mfukoni mwa shati, moja ya wino na moja nene ya kuandikia mabango, kwa sababu huwezi kujua. Alimsoma Noela kuanzia ngata mpaka vidole vya miguu, kisha akasoma boksi, akatikisa kichwa.

"Hawa ni watu wa maji?" alimuuliza Jovitha, aliye karibu naye. "Wale wa kampeni ya kumtua mama ndoo kichwani?"

"Shikamoo, mzee. Hapana, ni sanaa."

"Marahaba. Sanaa au maji, kosa ni kosa. Mtu tayari ana mzigo kichwani, halafu ameandika 'nitwike'. Atwikwe nini tena? Hapa walikusudia 'nitue'. Vijana hawa hawasomi walichoandika."

Akatoa kalamu nene. Jovitha angeweza kumzuia. Yeye ndiye refa, na alijua vema kwamba boksi halina kosa. Lakini beseni lilikuwa limeanza kutetemeka, na maji ndani ya dumu yalikuwa yakisikika yakicheza, klap, klap.

"Andika kubwa, mzee," alisema.

Mzee Luhende akapiga mstari mmoja ulionyooka juu ya neno la kwanza, akaandika chini yake: NITUE. Akaweka na nukta.

*

Aliyelitii bango hakulisoma hata hivyo. Mama Odeta, muuza dagaa, mwanamke mfupi mpana ambaye sauti yake ilitumika kama kipaza sauti cha upande ule wa gati, alikuja akipasua watu kwa viwiko.

"Ninyi! Watu wazima mmesimama mnamwangalia mtoto wa watu anatetemeka! Hakuna aliyelelewa hapa? Hata wewe mwenye mwavuli!"

"Mimi ni mama yake," alisema Jovitha.

Mama Odeta alisimama. "Mama yake wa kumzaa?"

"Wa kumzaa."

"Na umekaa kwenye kiti."

Watu walisema "eeee" kwa pamoja, kama wanavyosema penalti ikipigwa nje. Jovitha alifungua mdomo aeleze kuhusu mwili na vitu vya nyumbani na wasanii wa nchi za mbali, akaona hakuna hata sentensi moja katika hizo itakayosimama mbele ya mwanamke huyu. Akafunga mwavuli.

Mama Odeta na mwenzake wakashika beseni huku na huku, wakamtua Noela taratibu, kitaalamu kabisa, bila kumwaga tone. "Pole, ng'wanone," walimwambia, yaani mwanangu. "Pole sana. Sasa tunakwenda wapi?"

Noela aliendelea kutazama ziwa.

"Amechoka mpaka hasemi. Nipe ndoo hiyo, na wewe chukua beseni. Hatuweki chini kitu cha mtu tuliyempokea njiani." Mama Odeta alisokota kitambaa chake cha kichwani, akajitwika ndoo, akasimama kando ya Noela, mikono kiunoni. "Haya, tuko tayari. Tutasimama hapahapa mpaka useme kwako ni wapi."

Basi mchezo ukapinduka. Kumtua mtu njiani ni nusu ya adabu. Nusu nyingine ni kumbebea. Yule mama wa nyanya akapokea sufuria. Dada muuza vocha akapokea ungo. Vijana wa bodaboda, kwa aibu ya kukaripiwa, wakagombania jiko. Vitu vilipokwisha watu wakaleta vyao: kreti la soda, ndizi mkungu mzima, furushi la mitumba, godoro. Mtu mmoja alijitwika kiti cha Jovitha alipoinuka kidogo kunyoosha mgongo, na hakukipata tena.

Wabeba mizigo wa gati waliposikia kwamba wauza dagaa wanashindana kusimama na mizigo, walikuja mbio wakiwa na magunia yao. Wakapanga mstari upande wa pili wa mkeka. Hapo kila mtu alijua la kufanya bila kufundishwa, maana huku ngoma hazichezwi, zinashindanishwa. Kundi la Bagika upande huu, la Bagalu upande ule, na mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi zaidi. Wauza dagaa wakaanzisha wimbo. Wabeba mizigo wakajibu kwa wa kwao wenye matusi madogo. Mama Odeta akainama mpaka goti karibu liguse ardhi na kuinuka, ndoo ikiwa kimya kichwani, na watazamaji wote wakahamia upande wake. Mbeba mizigo mmoja mwenye gunia la unga akazunguka kwa mguu mmoja, wakahamia kule.

Katikati, kwenye mkeka, kichwa kitupu chenye ngata, Noela alisimama.

Venant alikuja na uso wa msiba. "Mama, wametuharibia kazi. Na sijui nani ameandika pale. Kazi hii ilikuwa ya mateso."

"Ya nini?"

"Mateso. Mwili ustahimili. Sasa hana hata kijiko kichwani! Ameshindwa tayari."

"Nani kasema ameshindwa?" Jovitha alijisikia akiuliza. "Sharti lilikuwa asimame na anyamaze. Mzigo haukutajwa. Ulikuwepo wewe tukishikana mikono? Hukuwepo. Mtazame usoni."

Venant alimtazama. Mashavu ya Noela yalikuwa yamejaa kama ya mpiga tarumbeta. Machozi yalikuwa yanamtiririka. Mbele yake mbeba mizigo wa mguu mmoja alikuwa ameteleza, na unga ulikuwa umemfanya mweupe kuanzia nyusi hadi kiunoni, na Mama Odeta alikuwa anamuuliza kama anabatizwa au anaolewa. Shingo ya Noela, ambayo haikuvunjwa na dumu na jiko, ilikuwa inatetemeka kwa kicheko kilichokataliwa kutoka.

"Huyo hastahimili?" alisema Jovitha. "Mimi nimeshindwa kitambo."

Na kweli alikuwa amecheka mpaka mbavu zinauma. Lakini alipofuta macho aliona jambo ambalo halikumchekesha. Alitaka Noela ashinde. Si kwamba alikuwa radhi ashinde; alitaka, kama anavyotaka mgonjwa afike ukutani bila fimbo. Na kama Noela angeshindwa sasa, ingekuwa kwa sababu ya kicheko kilicholetwa na neno moja la kalamu nene, ambalo yeye, refa, alisema liandikwe kubwa.

*

Jua lilikuwa limeinama upande wa Kamanga, ng'ambo ya ziwa, kilipobaki kitu kimoja tu chini. Kinu. Mbeba mizigo mmoja alikijaribu, akasema mbao zake si za dunia hii. Wauza dagaa walikizunguka, wakakisukuma kwa mguu.

"Cha nani hiki?"

"Changu," alisema Jovitha.

"Kibebe basi!" Mama Odeta, ndoo bado kichwani, alikuwa na jasho na furaha. "Mnamwona? Toka asubuhi anatuelekeza kama askari wa barabarani. Shusha mabega, mara kidevu ndani. Mayu," akamwita, yaani mama kwa lugha ya kwao, "wewe ni wa wapi?"

"Muleba."

"Mhaya! Nshomile!" Watu wakapiga makofi; neno hilo la Kihaya, maana yake 'nimesoma', ndilo utani wanaotaniwa nao Wahaya wote wa mjini, na Jovitha alishalisikia mara nyingi kuliko jina lake. "Nilijua tu. Mhaya atakwambia shingo kwa Kiingereza, lakini shingo yenyewe ameiacha kabatini pamoja na vyeti!"

"Mama Odeta," alisema Jovitha, akavua saa akaiweka mfukoni, "shingo yangu inatosha kwako na kwa wote wanaokudai dagaa."

"Maneno hayabebi kinu."

Jovitha akaomba kanga, akasokota ngata, akaipanga kichwani. Akapiga goti moja chini kama inavyotakiwa, mgongo wima, akalisema lile neno la boksi ambalo toka asubuhi hakuna aliyelitamka kwa ajili ya kichwa chake mwenyewe.

"Nitwikeni."

"Unakwenda wapi?" waliuliza kwa pamoja, wakicheka.

"Siendi popote. Nasimama na mwanangu mpaka honi."

Wanawake wawili wakainua kinu, kitako kikakaa juu ya ngata, naye akainuka. Uzito ukashuka kutoka utosini mpaka visiginoni kama maji ya baridi.

"Mawe!" alipiga ukelele, kwa Kihaya, kama anavyomwita mama yake mzazi kila akishtuka.

"Siyo mawe, mama," kijana wa bodaboda akamtuliza. "Ni kinu."

Hapo hata Mzee Luhende alikaa chini akacheka.

Kivuko kilionekana. Kilikuwa mbali kidogo, cheupe, kimeelekea gati, na kila mtu akasema bado kidogo. Jovitha naye akasema bado kidogo. Lakini magugu maji yalikuwa yametanda ghuba nzima tangu juzi, na kivuko kilikuwa kinatafuta njia kama mtu anayepita katikati ya watu waliolala sakafuni. Kikasogea, kikasimama, kikarudi nyuma, kikajaribu upande mwingine.

Kidevu ndani, Jovitha alijiambia. Mabega. Magoti yasikazwe. Pumua. Yalikuwa maneno mazuri sana. Alikuwa ameyauza miaka mingi kwa watu waliolala kwenye mkeka wa mazoezi wakimtazama kwa macho ya chuki, na sasa, akiwa ndani ya maneno hayo, aliona kwamba wagonjwa wake walikuwa watu wavumilivu mno na kwamba baadhi yao wangekuwa na haki ya kumpiga. Jasho likamwingia jichoni. Goti la kushoto likaanza kutikisika lenyewe.

Nyimbo zikapungua. Watu wakaona.

"Mayu, tukutue?" Mama Odeta aliuliza, na safari hii hakuwa na utani.

"Bado."

Alipogeuza macho, kichwa kikiwa palepale, alimwona Noela. Noela hakuwa anatazama ziwa tena. Alikuwa anatazama goti lile. Uso wote wa kicheko ulikuwa umeondoka, na mguu wake wa kulia ulikuwa umeinua kisigino kutoka kwenye mkeka.

Jovitha alimjua. Huyo mtoto angekuja. Angetoka kwenye mkeka wake kivuko kikiwa pale mbele ya macho, angepoteza Bukoba na Musoma na kila kitu, aje amtue mama yake, na wala asingejuta.

"Usithubutu!" alinguruma. "Noela! Mguu chini!"

Kisigino kilibaki hewani.

"Mimi sijambo! Nani kakwambia naumwa? Huoni nacheza?" Na Jovitha, mwenye stashahada, mwenye kinu kichwani, akacheza. Hakujua alichokuwa anacheza. Alikuwa anahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule kama anavyowafundisha wazee waliobadilishiwa nyonga, polepole, kulia, kushoto, kiuno tu, kichwa kikibaki kimetulia. Lakini kwa mtu wa nje ilikuwa ngoma, na ngoma yenyewe haikuwa mbaya. Goti likaacha kutikisika kwa sababu lilipewa kazi. "Imbeni!" aliwakemea wauza dagaa. "Mmekufa? Inueni sauti!"

Wakainua. Wabeba mizigo nao wakadaka, na kwa mara ya kwanza siku ile pande mbili ziliimba wimbo mmoja. Kulia, kushoto. Kinu cha Muleba kilipita juu ya vichwa vya watu kama kuhani katika maandamano. Noela alimtazama mama yake, macho yakamtoka. Kisigino kikashuka, kikagusa mkeka.

Kivuko kikapenya. Kikaja taratibu, kimebeba magugu puani kama ng'ombe aliyetoka malishoni, na nahodha, aliyeona kutoka mbali umati mzima ufukweni umesimama na ndoo na magodoro na ndizi kichwani, alipiga honi ndefu kuliko zote alizowahi kupiga.

Noela aliruka kutoka kwenye mkeka kabla honi haijaisha. Alimshika mama yake kiuno, Mama Odeta akashika kinu upande wa pili, wakamtua.

"Ulikuwa unanitisha!" Noela alipiga kelele. Maneno ya siku nzima yalimtoka yote kwa mkupuo. "Mama, umeona yule wa unga? Nilikaribia kufa! Nilijing'ata ulimi, ona, ona! Na nani alibadilisha lile neno? Na hao, mama, hawakuniangusha! Nilingoja waniongezee mpaka nianguke, wakanipokea! Sasa kazi nzima inabidi niifikirie upya, nikifika Bukoba... mama? Mbona husemi?"

Kichwa cha Jovitha kilikuwa chepesi mno. Shingo ilikuwa inapanda yenyewe, juu, juu, kama mtu anayevutwa kwa uzi, na ardhi ilionekana iko chini kuliko asubuhi. Alipiga hatua moja akaona anaelea. Akacheka. Vigelegele vilikuwa kila upande, Mama Odeta alikuwa anamwambia "wabeja, mayu, wabeja", yaani asante, na abiria wa kivuko walikuwa wanashuka wakiuliza ni harusi ya nani.

Simu ikaita mfukoni. Alikuwa Gosbert.

"Shikamoo, kaka," Jovitha alipaza sauti, kidole kwenye sikio la pili.

"Marahaba. Mko wapi penye kelele hizo? Nataka kujua, mtoto anakuja Jumatatu?"

"Haji. Tafuta mtu mwingine."

"Kwa nini, anaumwa?"

"Haumwi. Amepata kazi."

"Kazi gani?"

Jovitha aligeuka. Wauza dagaa walikuwa wamemzoa Noela kutoka mkekani, wamemtia katikati yao, na mbeba mizigo mweupe kwa unga alikuwa anamfundisha kuzunguka kwa mguu mmoja.

"Ya kusimama," alisema, akakata simu ili akamwonyeshe Noela goti linavyokunjwa.